Mfupa Umeungwa, Goti Limeachwa

Bwana Mhariri,

Nipe nafasi gazetini mwako niyatoe yaliyonikaa kifuani, kwani nimerejea hivi punde kutoka mjini, jasho halijanikauka, na nakhofu nikilala nitasamehe.

Mimi ni mchumaji wa karafuu wa Kaskazini Pemba. Msimu uliopita tawi la mkarafuu, mti ambao kila mtoto wa kisiwa hiki aijua hiana yake, lilinikatikia miguuni, nikavunjika fupa la paja, muundi na kigasha. Matabibu walionipasua sina la kuwalaumu: walinitia vyuma kwa ustadi, Mola awajazi kheri. Lakini siku ya kuruhusiwa jarahi aliniusia kwamba vyuma kazi yao ni kuushika mfupa uungike, ama goti hurudishwa na mazoezi, na likiachwa wiki kadhaa bila ya kukunjwa na kukunjuliwa hukakamaa, misuli ya paja nayo ikasinyaa. Akanipa cheti cha kwenda kwa mtaalamu wa viungo mara mbili kwa wiki.

Basi leo, mara ya nne, nimetoka baada ya sala ya alfajiri, nikapakiwa garini kama gunia la makonyo, magongo nimeyakumbatia, nauli nimelipa ya watu wawili kwa kuwa mguu wangu, kwa hukumu ya utingo, nao umekaa; na nilipofika nikakuta kufuli mlangoni, na bawabu, bila ya kuinua uso, akaniarifu kwamba bwana amekwenda semina. Mara ya kwanza ilikuwa semina vilevile, ya pili hapakuwa na umeme, ya tatu faili langu halikuonekana. Dirishani niliiona baiskeli ya mazoezi, imetundikwa koti la mvua.

Hata leo nasali kitini, nyuma ya safu, pamoja na wazee wa rika la babu yangu. Ya chooni siyasemi. Nawe, Bwana Mhariri, una magoti.

Waunga mifupa wetu wa zamani, wanaodharauliwa leo, hawakuwa na vyuma wala picha, lakini wakishafungua mabanzi walimjia mgonjwa nyumbani kila jioni, wakamkanda kwa uto na kumkunja kiungo huku akilia, hata akatembea. Iweje idara nzima ishindwe na bibi mmoja mwenye kibuyu cha uto?

Na hawa waheshimiwa wetu! Tangu kimbunga cha mwaka 1872 kilipoing'oa mikarafuu ya Unguja, ni Pemba iliyobeba sehemu kubwa ya karafuu za visiwa hivi, nao waheshimiwa kila msimu hutujia na misafara ya magari kutuhimiza tuchume na kutuonya juu ya magendo, ilhali sijasikia hata mmoja akiuliza walioanguka wako wapi. Akiteguka kifundo yeye, hupandishwa ndege.

Nimeambiwa nirudi Jumatatu. Kwa kalenda iliyo ukutani kwangu, Jumatatu hiyo ni sikukuu.

Mimi wako,
Mchumaji wa Zamani,
Kaskazini Pemba