Lubunga: Acheni kupasua parashuti za watoto

KISANGANI – Ng'ambo ya mto, tarafa ya Lubunga, watoto wa familia zilizokimbia mapigano ya Wambole na Walengola, yaliyoanza Februari 2023, wanatengeneza parashuti kwa sashe, uzi na jiwe. Wanapanda mwembe, wanaachia, wanahesabu. Halafu mtu mzima anakuja kupasua, eti ni mchezo wa vita.

Wazee wana haki ya kukumbuka. Tarehe 24 Novemba 1964, mji ungali unaitwa Stanleyville, makomando wa Ubelgiji zaidi ya 300 walishuka kwa parashuti Simi-Simi, na damu nyingi ilimwagika siku zile. Lakini mtoto wa miaka tisa anahusika nini na Simi-Simi?

Wazazi, tazameni kabla ya kufoka. Sashe isiyo na tundu inayumba kama mlevi, maana hewa inatorokea pembeni, mara huku, mara kule. Watoto wanatoboa katikati, inatulia. Wakiongeza urefu na upana mara mbili, jiwe lilelile linashuka kwa nusu ya mwendo. Hiyo ni fizikia, tena bila minervali. (Jiwe, sawa, libadilishwe na donge la udongo, watu wanapita chini.)

Na walimu je? Elimu ya msingi katika shule za serikali ilitangazwa kuwa bure tangu 2019. Waiteni darasani, waje na sashe zao. Saa nne asubuhi watoto hawa bado wako mwembeni.