Nanook Alikuwa na Bunduki

BTP inaendelea hapa Bariadi, vumbi na chaki tu. Leo sisimulii habari za maandalio ya somo, nina hasira zangu.

Muhula uliopita chuoni tulionyeshwa Nanook of the North, ile filamu bubu ya mwaka 1922 aliyoipiga Robert Flaherty kule kaskazini mwa Kanada kwenye barafu. Tukaambiwa tuangalie "maisha halisi ya Wainuit". Halisi wapi bwana! Yule baba hakuitwa Nanook, aliitwa Allakariallak. Mke wa kwenye picha si mkewe. Nyumba ya barafu ilijengwa nusu, upande mmoja wazi, ili mwanga uingie na kamera ipate nafasi. Wao walikuwa wanawinda kwa bunduki tayari, Flaherty akataka mikuki ya mababu. Halafu kuna pale anapong'ata santuri ya gramafoni kama hajui ni kitu gani. Alikuwa anajua! Aliigiza, tena vizuri. Darasa zima lilicheka. Na mimi nilicheka, naungama.

Mi sina ugomvi na maigizo. Iiteni tamthilia, mpeni Allakariallak sifa za uigizaji, yaishe. Watetezi husema Flaherty alitaka kuhifadhi mila zinazopotea. Sawa, si angesema? Mtu wa New York alilipa kiingilio akarudi kwake akiamini Wainuit wa 1922 hawajui gramafoni. Hata yule baba alipofariki, Flaherty akaeneza kwamba kafa njaa akiwinda. Inaelekea ni kifua kikuu kilichomuua.

Sasa barafu inanihusu nini mimi, na jua hili la Simiyu? Ni kwa sababu ya juzi. Nilikuwa nafundisha historia kidato cha kwanza, mada ya ujima, nikawataja Wahadzabe. Darasa zima likamgeukia kijana mmoja anayetoka Meatu. "Mwalimu, si huyu hapa! Upinde wako uko wapi we?" Kicheko. Dogo kavaa shati jeupe kama wenzake, kalamu mkononi. Wameyatoa wapi? Kwenye video za kwenye simu, zile za watalii wa Ziwa Eyasi: ngozi na upinde, ngozi na upinde. Wapo wanaowinda mpaka leo, sikatai. Ila huyu mwenye daftari hakuna aliyekuja kumpiga picha.

Akaniangalia mimi mwalimu wake, nikabaki nimeshika chaki. Kesho nina kipindi na darasa hilohilo. Naanza na Allakariallak.