Kabla ya Kununua Kiwanja

Akina mama wapendwa, kiwanja cha bei nafuu bondeni huwavutia wengi. Kumbukeni Bonde la Msimbazi, Dar es Salaam. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu zaidi ya 40 jijini. Desemba 2015 nyumba nyingi za bondeni zilitiwa alama ya X, zikabomolewa.

Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza ujenzi wa kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Kwa hiyo, kabla baba hajatoa fedha, nendeni pamoja mkapime. Waulizeni majirani maji hufika wapi wakati wa masika. Kisha ulizeni ofisi ya ardhi kama eneo limepangwa kwa makazi. Muhuri wa mtaa hauzuii maji wala tingatinga.