Jua la Ilula Halipimwi kwa Joto

Baridi ya Juni na Julai katika Nyanda za Juu Kusini imewahadaa wengi. Mkulima wa nyanya wa Ilula hutoka alfajiri na koti, hulivua saa tano, kisha huendelea kupalilia akiamini kwamba jua lisilomchoma haliwezi kumdhuru. Kwa mwenye ualbino, imani hiyo humgharimu ngozi, na baadaye huenda ikamgharimu uhai. Joto tunalihisi, mionzi ya urujuanimno hatuihisi wala hatuioni, nayo huongezeka kwa takriban asilimia 10 kila tupandapo mita 1,000.

Ndiyo maana naunga mkono vituo vya afya vinavyotaka kihisi cha bei nafuu cha kupimia jua. Ugomvi wangu ni juu ya uchaguzi. Kinachopatikana upesi ni kihisi cha mwanga uonekanao, mfano wa kile kilichomo katika simu, ambacho hupima kwa laksi, yaani kwa kadiri ya jicho. Jua la mchana hufikia laksi 100,000 na zaidi, ilhali BH1750, kipenzi cha mafundi wa elektroniki, katika mpangilio wake wa kawaida hukomea karibu laksi 54,600. Saa nne na saa sita kitaonyesha namba ileile. Baya zaidi, wingu jembamba hupunguza mwangaza machoni huku likipitisha sehemu kubwa ya urujuanimno. Muuguzi atasoma namba ndogo na kumruhusu mgonjwa atoke bila kofia.

Kinachofaa ni kihisi kilichoundwa kwa ajili ya urujuanimno, mathalani GUVA-S12SD. Kikiwa kwenye ubao wake wa kawaida hutoa takriban volti 0.1 kwa kila daraja la fahirisi ya mionzi hiyo, hivyo kipima volti cha fundi redio kinatosha kukisoma. Kielekezwe juu, mbali na kivuli cha mti, na kifutwe vumbi. Kisiwekwe nyuma ya kioo cha dirisha, kwa maana kioo huzuia sehemu kubwa ya mionzi inayobabua ngozi.

Wataalamu watasema hakina usahihi wa maabara. Ni kweli. Lakini Shirika la Afya Duniani linashauri kujikinga kuanzia daraja la 3, na kuanzia 11 huhesabu hatari kuwa ya kupita kiasi. Kikionyesha 10 pale palipo na 11, ushauri kwa mgonjwa haubadiliki.

Kuna kipimo kingine kisichouzwa: kivuli. Kikiwa kifupi kuliko wewe, jua ni kali. Katika latitudo ya Ilula, hata Juni 21, jua likiwa limekwenda kaskazini kabisa, kivuli cha adhuhuri hakizidi sana nusu ya kimo cha mtu. Mwishoni mwa Februari na katikati ya Oktoba jua hupita karibu utosini, na kivuli hutoweka miguuni mwako.

Iwapo fedha ya kituo inatosha kitu kimoja tu, kinunue kofia za ukingo mpana. Ikibaki ya kihisi, kitundikwe nje, wanapoketi wagonjwa wakisubiri zamu, si mezani kwa daktari.