Tope la Hanang na Amri ya Nane

Tarehe 3 Desemba 2023 ilikuwa Jumapili ya kwanza ya Majilio. Mapema asubuhi, baada ya mvua kubwa, sehemu ya Mlima Hanang ilimeguka. Tope, mawe na magogo vilishuka kwa kasi hadi Gendabi, Jorodom na mji wa Katesh, vikafunika nyumba na maduka na watu, wengine wakiwa wanajiandaa kwenda kusali. Waliokufa walikuwa zaidi ya 80. Sisi wa Endasak, tulio kwenye barabara ileile ya Babati kwenda Singida, tulikuwa na ndugu huko.

Watu walikuwa bado wanachimbua miili wakati maelezo yalipoanza kutolewa. Katesh imezidi ulevi. Katesh imejaa waganga. Mungu amechoka. Maneno haya yamesemwa kwenye vipaza sauti vya mikutano ya injili, yamesemwa kwenye jumuiya, na la kusikitisha zaidi, yamesemwa misibani mbele ya wafiwa. Mama aliyepoteza watoto anaambiwa, kwa sauti ya upole na Biblia mkononi, kwamba watoto wake walikuwa sehemu ya hukumu.

Nasema bila kuzunguka: hiyo ni dhambi dhidi ya amri ya nane. Tumezoea kuifundisha amri hiyo kwa watoto wa kipaimara kana kwamba inahusu uongo wa dukani au wa shuleni. Inahusu kwanza kumtolea jirani ushahidi wa uongo. Anayesema waliokufa Gendabi waliadhibiwa ametoa ushahidi dhidi ya watu wasioweza tena kujitetea, na ushahidi huo hana.

Yesu aliulizwa jambo la namna hii akalijibu. Katika Luka sura ya 13 anawataja watu 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu, anauliza kama walikuwa wakosaji kuliko wakazi wengine wa Yerusalemu, na anajibu mwenyewe kwamba sivyo. Kisha anawageukia waliokuwa wakimsikiliza na kuwataka wao watubu. Wahubiri wetu wanaipenda sehemu ya toba, ila wanairuka ile ya kwanza.

Watanijibu kwa Yona: je, tufani ile haikuletwa na dhambi? Ililetwa. Lakini msomeni vizuri Yona. Kosa lilikuwa lake na alilikiri mwenyewe, akataka atupwe yeye baharini ili mabaharia wapone. Hakusimama kwenye sitaha kuwahubiria mabaharia juu ya ulevi wao. Na angalieni jambo moja zaidi: walionyeshewa na kupigwa na mawimbi walikuwa watu wengine, wakati mwenye kosa amelala chini kabisa ya merikebu. Nitarudi kwa huyo aliyelala.

Sasa, nini kilitokea mlimani? Wataalamu wa jiolojia waliotumwa na Serikali walieleza kwamba sehemu ya mlima yenye miamba dhaifu ilinyonya maji mengi, ikalemewa, ikameguka na kuwa tope. Haikuwa volkano kuamka, kama wengi walivyohofu, maana Hanang ni mlima uliojengwa na volkano zamani. Maji ndiyo yaliyofanya kazi. Na maji hayo yalitoka wapi? Msimu ule wa vuli kulikuwa na El Nino, na pia upande wa magharibi wa Bahari ya Hindi, yaani upande wetu, ulikuwa na joto kuliko kawaida. Mambo hayo mawili yakikutana, Afrika Mashariki hupata mvua nyingi. Mamlaka ya Hali ya Hewa ilikuwa imetahadharisha tangu Agosti.

Hapo ndipo ndugu zetu wa upande mwingine, wasioamini habari za hukumu lakini pia hawataki kusikia habari za tabianchi, wanaposema: basi, ni El Nino, mbona zamani zilikuwepo? Wazee wanakumbuka mafuriko ya mwaka 1961. Sisi wenye umri wa kati tunaikumbuka El Nino ya 1997 na 1998, barabara zilipokatika kila mahali. Ni kweli, na sitabisha. Mvua kubwa si jambo jipya, wala milima kuporomoka. Swali ni hili: mvua ya namna ileile ikija leo, inakuta dunia ileile?

Haikuti. Dunia imeongezeka joto kwa zaidi ya nyuzi 1 tangu viwanda vianze kuchoma makaa ya mawe na mafuta. Kwa kila nyuzi 1 hewa huweza kubeba mvuke wa maji zaidi kwa takriban asilimia 7. Mama anayechota maji ataelewa upesi kuliko mwanasiasa: hewa ni ndoo, na ndoo imekuwa kubwa. Ndoo kubwa ikimwagwa kwa mara moja, inamwaga mengi. Na ndoo kubwa hiyohiyo, ikiwa bado haijajaa, inazidi kuvuta maji kutoka kwenye udongo, malambo na majani. Ndiyo maana mkoa mmoja unaweza kupata yote mawili. Mwishoni mwa 2021 na mwanzoni mwa 2022 ng'ombe walikufa kwa maelfu kule Simanjiro kwa ukame. Haikupita miaka miwili, Manyara hii hii ikazika watu kwa tope. Anayedai kwamba hukumu ndiyo ilileta tope atuambie ng'ombe wa Simanjiro walikuwa wamemkosea nani.

Wapo wanasayansi waliozipima mvua za Oktoba hadi Desemba 2023 katika Kenya, Somalia na Ethiopia. Walikuta kwamba ongezeko la joto lililosababishwa na binadamu liliongeza ukali wa mvua zile, hata kufikia mara mbili. Hawakuupima mlima wetu, na sitawasingizia kwamba waliupima. Ila vuli ni ileile na bahari ni ileile. Kusema tabianchi peke yake iliua watu wa Katesh ni kutia chumvi: miamba ilikuwa dhaifu, na nyumba zilikuwa kwenye njia ya maji. Kusema haikuchangia chochote ni kufumba macho.

Kuna wanaoegemea upinde wa mvua. Mungu alimwahidi Nuhu hataiangamiza tena dunia kwa gharika, kwa hiyo, wanasema, hofu hii ya tabianchi ni kukosa imani. Lakini ahadi ile ni juu ya kile ambacho Mungu hatafanya. Haikuahidi kwamba sisi hatutajiumiza. Mtu akichoma nyumba yake mwenyewe hawezi kumshtaki Mungu kwa kuvunja ahadi.

Na wale wa siku za mwisho? Kwao nina swali moja tu: kwa nini mnaendelea kupanda mahindi?

Wote hawa, pamoja na kutofautiana kwao, wanafika mahali pamoja. Ikiwa tope ni hukumu, dawa ni kuogopa. Ikiwa ni kawaida ya dunia, hakuna dawa. Ikiwa ni mwisho wa dunia, dawa haina maana. Hakuna hata mmoja kati yao atakayehama kutoka kwenye korongo, wala atakayemuuliza diwani habari za mitaro, wala atakayemuuliza mtu yeyote wa nchi tajiri habari za moshi wake.

Narudi kwa aliyelala merikebuni. Siku ile mlima unameguka, viongozi wa dunia walikuwa Dubai kwenye mkutano wa tabianchi, na Rais wetu alikuwa huko. Alikatisha ziara akarudi nyumbani. Siku ya kwanza ya mkutano, tarehe 30 Novemba, walikubaliana jinsi mfuko wa kuzisaidia nchi zilizopata hasara na uharibifu utakavyoanza kufanya kazi. Afrika, yenye zaidi ya mtu mmoja kati ya kila sita duniani, hutoa takriban asilimia 4 tu ya hewa ya ukaa. Mkulima wa mbaazi wa Endasak hana hata gari. Kama tunatafuta dhambi katika tope la Hanang, ipo, na ina anwani, lakini anwani hiyo haiko kilabuni Katesh. Papa Fransisko aliandika hayo katika Laudate Deum, Oktoba 4 mwaka uleule, miezi miwili kabla ya maafa yetu, na humo alilalamika kwamba maoni ya kubeza jambo hili ameyakuta hata ndani ya Kanisa.

Slufay, maombi ya wazee wa Kiiraqw, huiombea nchi nzima, watu na mifugo yao pamoja. Sala zetu za waamini zingeweza kujifunza hapo, badala ya kuwaombea wa Katesh "watubu".

Kwa upande wa parokia ninaomba jambo dogo. Matangazo ya Jumapili huchukua hadi nusu saa: michango, ndoa, ratiba ya jumuiya, michango tena. Utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa hutolewa kabla ya kila msimu, na tahadhari za mvua kubwa hutolewa siku kadhaa mbele. Asomwe pale mbele, na katekista wa kila kigango, kwa Kiswahili, kisha kwa Kiiraqw na Kidatoga kwa ajili ya wazee. Na wanaokaa kwenye makorongo waambiwe waziwazi usiku gani wasilale huko, na ni ukumbi gani wa kanisa utakaokuwa wazi.