Jina la Nangila libaki la kurithi

Sisi wa pwani hatuhitaji kufundishwa kwamba jina la mtu ni habari. Tunao akina Chausiku waliozaliwa usiku, akina Masika waliozaliwa wakati wa mvua, akina Mashaka ambao siku yao ilikuwa na mazito yake. Na majirani zetu Wamijikenda wanao akina Safari. Mtoto hupewa jina, na ndani ya jina mna wakati wake, hali ya nyumba yao, na pengine machozi ya mama yake.

Huko Navakholo, katika Kaunti ya Kakamega, nimekuta mambo ni yayo kwa yayo. Wafula na Nafula ni watoto wa mvua. Wekesa na Nekesa ni wa mavuno. Wanyonyi na Nanyonyi ni wa palizi, Simiyu na Nasimiyu ni wa kiangazi, na Nabwire ndiye Chausiku wao. Wanjala na Nanjala majina yao yasema wazi kwamba walikuja wakati wa njaa. Kisha wako akina Wangila, na mwanamke huitwa Nangila. Nilipouliza maana, nikajibiwa kwa kicheko: huyo ni mtoto wa njiani, mama yake hakuwahi kufika alikokuwa akienda.

Kicheko hicho ndicho kilichonifanya nishike kalamu. Jina hilo lachekesha kwa sababu aliyeitwa hivyo yu hai na mama yake alipona. Wale ambao hawakupona hawakuacha jina la kuchekewa.

Huenda msomaji wa Lamu, Mombasa au Vanga akauliza, Navakholo kuna nini kimhusucho? Ni nchi ya miwa na mahindi, kaskazini-magharibi ya mji wa Kakamega, karibu na Mto Nzoia. Wenyeji wake wengi ni Wanyala, ndugu wa wale Wanyala wa Budalang'i, kule Nzoia unakomwaga maji yake katika Ziwa Victoria. Upande wa magharibi, si mbali, ipo Mumias, na Mumias hatuwezi kuiita ugenini. Misafara ya babu zetu ilifika huko katika karne ya 19, wakapaita Kwa Sundu, kwa jina la Nabongo Shiundu wa Wanga. Joseph Thomson, yule msafiri wa Kiskochi, alipopita mwaka 1883 alikuta pakiitwa hivyo, na mtawala akiwa Mumia mwana wa Shiundu. Uislamu uliingia Wanga kwa njia hiyo hiyo ya misafara, na mpaka leo Mumias ina misikiti na madrasa zake. Basi jirani wa ndugu yako si mgeni wako.

Sasa turudi kwa mtoto wa njiani. Mtu asidhani kwamba kila Nangila anayekutana naye leo alizaliwa kando ya barabara. Ni desturi ya Waluhya kumwita mtoto kwa jina la mzee aliyetangulia mbele ya haki, kwa hiyo wengi wamelirithi jina hilo kutoka kwa nyanya zao. Walakini palikuwa na Nangila wa kwanza, na jambo la kuhuzunisha ni kwamba hata katika karne hii yuko mtoto anayelipata jina hilo kwa kulistahiki mwenyewe.

Sababu si ngumu kuiona. Hata palipo na lami, nyumba nyingi haziko kando ya lami. Ziko ndani, nyuma ya mashamba ya miwa, na njia za kuziendea ni za udongo. Mvua ikinyesha na matrekta ya miwa yakapita, njia hugeuka tope, na pikipiki ambayo ndiyo gari la maskini huteleza kama iliyopakwa mafuta. Mwanamke aliyeshikwa na uchungu usiku wa manane hupakiwa juu ya pikipiki hiyo, mbele yake dereva na nyuma yake jamaa wa kumshikilia. Dereva naye ataka nauli, na nauli ya usiku si nauli ya mchana.

Wataalamu wa afya tangu mwaka 1994 wamezoea kuhesabu kuchelewa kwa namna tatu kunakowaua wazazi. Kwanza ni kuchelewa kuamua, pale mume hayupo na mama mkwe asema tungoje kidogo. Pili ni kuchelewa kufika, ambako ndiko kwa njia na nauli. Tatu ni kuchelewa kuhudumiwa, pale mtu amefika lakini muuguzi hayupo au damu ya kuongezewa hakuna. Mwanamke anayetokwa na damu nyingi baada ya kujifungua aweza kufariki katika muda wa saa chache tu. Ukizigawa saa hizo chache kwa kuchelewa kutatu, hakuna kinachobaki.

Yafaa tuwape watu wa Kakamega haki yao, kwa maana hawakukaa kitako. Tarehe 1 Juni 2013 serikali ya Kenya iliondoa malipo ya kujifungua katika hospitali zake. Hilo lilikuwa jema, lakini kuondoa malipo ya hospitali hakumpi mtu nauli ya kufika hospitalini. Mwaka huo huo serikali mpya ya Kaunti ya Kakamega, kwa msaada wa UNICEF, ilianzisha mpango wa Imarisha Afya ya Mama na Mtoto. Mama asiye na uwezo aliyehudhuria kliniki, akajifungulia hospitalini na akamleta mtoto kupimwa na kuchanjwa, alipewa shilingi 2,000 kwa kila hatua, hatua sita, jumla shilingi 12,000. Mwenye gari ataziona fedha hizo kuwa chache. Kwa mke wa kibarua wa miwa, ndizo nauli, sabuni, khanga za kumpokelea mtoto na uji wa siku za mwanzo.

Katika nchi nzima pia hatua zimepigwa. Uchunguzi wa taifa wa mwaka 2008 na 2009 ulionyesha kwamba katika kila uzazi 100, ni 43 tu uliofanyika katika hospitali au zahanati. Mwaka 2014 idadi ilikuwa 61, na mwaka 2022 ikafika 82. Tumshukuru Mwenyezi Mungu na wote waliofanya kazi. Lakini mimi nawauliza wasomaji: hao 18 waliosalia ni akina nani? Si mke wa mkurugenzi, wala si binti wa mwenye duka. Ni mke wa mvuvi wa Kiwayu anayengoja chombo na maji kujaa, ni mama wa Ganze, na ni huyu wa nyuma ya miwa ya Navakholo. Kila idadi inavyopungua, ndivyo wanaobaki wanavyokuwa maskini zaidi na wa mbali zaidi.

Hapa ndipo nina neno. Mpango ule wa Kakamega una jina lake zuri la Kiswahili, lakini watu waliuita Oparanya Care, kwa jina la gavana wa wakati huo, Bwana Wycliffe Oparanya. Simlaumu kwa kutenda wema, na laiti viongozi wengi zaidi wangesifiwa kwa nauli ya wazazi. Bunge la kaunti nalo liliuwekea mpango sheria mwaka 2017, jambo ambalo lilikuwa la busara. Hata hivyo, msaada ukishaitwa kwa jina la mtu, wananchi huanza kuuhesabu kuwa mali yake, na hufikiri kwamba ataondoka nao. Muhula wa pili wa gavana huyo ulikwisha mwaka 2022, akachaguliwa mwingine, Bwana Fernandes Barasa. Hivyo ndivyo Katiba inavyotaka. Uchungu wa uzazi hausomi Katiba, wala hauulizi ni nani aliyeapishwa.

Mipango ya serikali kuu nayo imebadilika majina. Mwaka 2016 tulipewa Linda Mama chini ya bima ya NHIF. Oktoba 2024 NHIF yenyewe ikaondoka, ikaja Mamlaka ya Afya ya Jamii. Huenda kila badiliko lina hoja yake. Lakini mwanamke mwenye mimba ya miezi saba hawezi kuambiwa angoje mpaka daftari jipya lifunguliwe.

Ndiyo maana nawaelekea watu wa pwani, kwani katika jambo hili tunayo elimu ya kale. Ingia msikiti wowote wetu, wa mji au wa shamba, uulize jeneza liko wapi. Utaonyeshwa. Liko tayari mchana na usiku, na hakuna anayeulizwa ana kiasi gani mfukoni kabla hajalichukua. Aliyelitoa wakf pengine alikufa miaka 50 iliyopita na jina lake halijulikani tena, na jeneza lingali likifanya kazi. Hakuna uchaguzi uliolisimamisha. Huko Navakholo nako mtu akifa, kijiji kizima huinuka: viti huja, maturubai huja, chakula huja, na mchango hupitishwa mpaka kwa jamaa walio Nairobi. Wa bara na wa pwani sote tumejiandaa barabara kwa maiti. Je, kwa mzazi tumejiandaa na nini?

Dini yetu imetusimulia habari za Bibi Maryam, uchungu ulipomfika akiwa peke yake penye shina la mtende. Yeye aliletewa rehema ya Mola wake pale pale. Sisi tuliobaki tumeachiwa kazi ya kuwa rehema kwa wenzetu, na kwa mzazi wa usiku wa manane rehema yaweza kuwa pikipiki ya magurudumu matatu yenye mafuta na dereva asiyeuliza nauli.

Wala jambo hili si ndoto. Wenzetu wa Tanzania wanao mpango uitwao M-mama, ulioanza kujaribiwa mwaka 2013 katika sehemu za Kanda ya Ziwa kwa msaada wa Vodafone Foundation. Mtu hupiga simu 115 bila malipo. Pasipo na gari la hospitali, huitwa dereva wa kijijini aliyekwisha kuandikishwa, humpeleka mzazi, kisha hulipwa kwa njia ya simu. Mwaka 2022 serikali yao ilitangaza kuueneza mpango huo nchi nzima, Zanzibar pamoja. Angalieni hekima yake: hawakungoja mpaka kila zahanati iwe na gari lake. Walilichukua gari lililopo kijijini wakaliwekea utaratibu na malipo.

Nasi twaweza kufanya hivyo kwa kiasi chetu. Kenya tunao wahudumu wa afya ya jamii. Mnamo Septemba 2023 zaidi ya 100,000 walikabidhiwa mikoba ya vifaa ili wapite nyumba kwa nyumba. Mhudumu huyo anajua ni nani mjamzito na wa miezi mingapi. Kamati ya msikiti, kanisa au chama cha akina mama wa kijiji iweke daftari moja: madereva wawili walioaminiwa, nambari zao za simu, na kikapu cha fedha cha kuwalipa. Aliye na nafasi na aandike wakf: duka moja, minazi kadhaa, au huko Navakholo kipande cha miwa, kodi au mazao yake yawe ya nauli ya wazazi, pasiwe na jina la mtoaji ukutani. Na katika kila mchango wa matanga, fungu dogo liingie katika kikapu hicho. Marehemu hatapungukiwa na kitu.

Wanaume nao wasijitoe. Kuchelewa kwa kwanza, kule kwa kuamua, kuko mikononi mwetu. Mwanamke akitokwa na damu, akiumwa sana na kichwa, macho yakimfanya giza, akivimba uso na mikono au akishikwa na degedege, hapo hapana baraza la kungoja mume arudi. Ruhusa itolewe mapema, mimba ikiwa changa, na kila mtu nyumbani aijue. Wakunga wetu wa jadi nao wasitupwe. Katika sehemu kadhaa za Kenya wamekuwa wasindikizaji, humpeleka mama hospitalini na kukaa naye. Heshima yao imebaki, na mzazi hukaa na mtu anayemjua.

Ama kuchelewa kwa tatu, hilo ni deni la serikali, na sadaka zetu zisiifutie. Tukimfikisha mama mlangoni saa nane za usiku, tuna haki ya kumkuta muuguzi yu macho, taa inawaka na damu ipo. Magavana wa Kakamega, Kilifi, Kwale, Lamu na wote waliobaki waulizwe hilo kila mwaka, wakati wa bajeti, wala wasiulizwe katika mwaka wa uchaguzi peke yake.

Nami silichukii jina la Nangila. Ni jina la watu, lina ukoo wake na heshima yake, na lazima lidumu kama yanavyodumu ya Chausiku na Safari. Ninachoomba ni kwamba kila binti atakayeitwa hivyo kuanzia sasa awe ameitiwa nyanya yake, na siku aliyozaliwa yeye mama yake awe amelala kitandani, muuguzi yuko karibu, na dereva aliyewaleta amekwisha kulipwa na kwenda zake.