Mbwa akizurura, wa kuulizwa ni mwenyewe

Katika malango mengi ya mijini humu nchini, kuanzia Nairobi hadi Nakuru na Eldoret, kumetundikwa kibao chenye maneno mawili yaliyozoeleka: "Mbwa Kali". Wapenzi wa Kiswahili sanifu hukikosoa kibao hicho wakisema kwamba kilichokusudiwa ni mbwa mkali. Hata hivyo, kosa hilo la sarufi ndilo dogo zaidi. Kosa kubwa ni kwamba mara nyingi mbwa anayetajwa hayuko ndani ya lango. Yuko barabarani.

Yuko kwenye kituo cha matatu alfajiri watoto wanapoelekea shuleni. Yuko kwenye jaa la taka kando ya soko. Yuko mbioni nyuma ya mwendeshaji wa bodaboda aliyebeba abiria. Na anapomuuma mtu, mwenye lango hutoka nje na kuapa mbele ya majirani kwamba mbwa huyo si wake.

Kwa muda mrefu suala hili limechukuliwa kuwa dogo mno kujadiliwa na watu wazima. Viongozi hulikumbuka mtoto anapojeruhiwa, kisha hulisahau kidonda kinapopona. Lakini kuna vidonda ambavyo havitoi nafasi ya kupona, na hapo ndipo uzito wa jambo lenyewe ulipo.

Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani (WHO), kichaa cha mbwa huwaua watu wapatao 59,000 kila mwaka ulimwenguni, wengi wao wakiwa barani Afrika na Asia. Asilimia 99 ya maambukizi ya binadamu hutokana na mbwa. Aidha, watu wanne katika kila kumi wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na maradhi hayo ni watoto walio chini ya umri wa miaka 15. Nchini Kenya, makadirio ambayo yamekuwa yakitumiwa katika mipango ya serikali ni vifo 2,000 hivi kwa mwaka.

Huu si ugonjwa mgeni. Uligunduliwa nchini mwaka wa 1912 katika mbwa viungani mwa Nairobi. Chanjo ya binadamu ilikuwa tayari imepatikana miaka mingi kabla ya hapo, kwani Louis Pasteur alimchanja mtoto aliyeumwa na mbwa huko Ufaransa mwaka wa 1885. Hivyo basi, kila Mkenya anayekufa leo kwa kichaa cha mbwa anauawa na maradhi ambayo kinga yake imejulikana kwa zaidi ya miaka 130.

Jambo la kutisha zaidi ni kwamba dalili zikishajitokeza, karibu kila mgonjwa hufariki. Dalili zenyewe kwa kawaida huchukua miezi miwili au mitatu kuonekana, wakati ambapo familia imekwisha kusahau kwamba mtoto aliwahi kuumwa. Ndiyo maana wataalamu husisitiza kwamba jeraha lioshwe papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha majeruhi apelekwe hospitalini kuanza chanjo. Sindano hizo ni kadhaa, si moja, na hutolewa kwa siku zilizopangwa.

Kwa mzazi anayeishi kwa kibarua, safari hizo za hospitalini ni nauli, ni siku za kazi zilizopotea, na mara nyingine ni pesa za kununua dawa katika duka la nje baada ya kuambiwa kwamba hospitali ya umma haina. Gharama hiyo yote inamwangukia mtu ambaye hakufuga mbwa. Aliyemfuga anaendelea na shughuli zake.

Je, sheria inasema nini?

Wengi hudhani kwamba sheria za Kenya zimelinyamazia jambo hili. Sivyo. Kifungu cha 243 cha Kanuni ya Adhabu, ambacho hushughulikia vitendo vya uzembe vinavyohatarisha maisha, kinamtaja waziwazi mtu anayekosa kuchukua tahadhari dhidi ya hatari inayoweza kutokana na mnyama aliye mikononi mwake. Kwa maneno mengine, anayemwacha mbwa mkali atoke langoni bila kujali anaweza kushtakiwa kwa kosa la jinai, sawa na dereva anayeendesha gari ovyo.

Kando na hayo, kuna kesi ya madai. Mahakama zetu zilirithi kanuni za sheria ya kawaida ya Uingereza, na mojawapo ni kwamba mwenye mnyama wa kufugwa hulipa hasara iwapo alijua kuwa mnyama huyo ana tabia ya kudhuru watu. Hapa ndipo wenye mbwa wengi wamekuwa wakijificha. Husema hawakujua. Husema mbwa wao hajawahi kumuuma mtu tangu azaliwe.

Utetezi huo unagonga mwamba kwenye lango lao wenyewe. Mtu aliyenunua kibao, akakitundika nje na kuutangazia ulimwengu kwamba mbwa wake ni mkali, atasimamaje mbele ya hakimu kudai kwamba hakujua? Kibao kile kinaweza kumwonya mwizi anayetaka kuruka ua. Hakimwonyi mtoto aliye umbali wa nusu kilomita akielekea dukani kununua unga. Kwa mtoto huyo na wazazi wake, kibao si onyo bali kinaweza kuwa ushahidi.

Uingereza kwenyewe, kulikotoka kanuni hizo, mambo yamebadilika. Bunge la huko lilipitisha mwaka wa 1991 sheria ya mbwa hatari inayomfanya mwenye mbwa kuwa na hatia ikiwa mbwa wake atakosa kudhibitiwa kiasi cha kuhatarisha watu. Mwaka wa 2014 sheria hiyo ilipanuliwa ikahusu hata maeneo ya watu binafsi. Na kuanzia mwisho wa mwaka wa 2023, mbwa wa aina ya XL Bully hawaruhusiwi kuonekana hadharani Uingereza na Wales bila kamba na kifunga mdomo.

Kaunti ndizo zenye ufunguo

Kwa upande wetu, Katiba ya mwaka wa 2010 haikuacha shaka kuhusu ni nani anayepaswa kusimamia jambo hili. Jedwali la Nne linazipa serikali za kaunti jukumu la udhibiti na ustawi wa wanyama, ikiwemo utoaji wa leseni za mbwa. Jedwali hilohilo linazikabidhi kaunti huduma za mifugo, hospitali na vituo vya afya, pamoja na uzoaji wa taka.

Msomaji atazame mambo hayo manne kwa pamoja. Anayepaswa kumpa mbwa leseni ndiye anayepaswa kumchanja. Ndiye pia anayepaswa kumtibu aliyeumwa. Na ndiye anayepaswa kuondoa mifupa na mabaki ya nyama yanayowavuta mbwa kwenye majaa na nje ya vichinjio. Gavana anayedai kwamba hana fedha za kuchanja mbwa anasahau kwamba atazilipa fedha hizo, tena kwa kiwango kikubwa zaidi, katika bohari ya dawa ya hospitali yake mwenyewe. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Kaunti ya Nairobi ilipitisha sheria yake ya udhibiti na ustawi wa mbwa mwaka wa 2015. Lakini sheria iliyoandikwa ni kitu kimoja, na sheria inayotekelezwa ni kingine. Mkazi wa Nairobi anafahamu vyema jinsi askari wa kaunti wanavyomkimbiza mama anayeuza mboga kando ya njia. Ni nadra kuwaona wakibisha lango la tajiri kuuliza leseni ya mbwa wake.

Serikali ya kitaifa nayo ilizindua mkakati wa kutokomeza kichaa cha mbwa wa kati ya mwaka wa 2014 na 2030. Nguzo yake kuu ni kuchanja angalau asilimia 70 ya mbwa wote kila mwaka kwa miaka mitatu mfululizo, kiwango ambacho kinatosha kukata mnyororo wa maambukizi. Mwaka wa 2030 sasa u mlangoni. Chanjo hiyo hata hivyo haiwezi kufaulu ikiwa hakuna anayejua mbwa wa mtaa fulani ni wangapi na ni wa nani. Leseni ndiyo hesabu hiyo.

Hapa kuna dhana moja inayostahili kuondolewa. Tumezoea kusema "mbwa koko" kana kwamba mbwa wote wanaozurura walishuka kutoka mbinguni. Tafiti za vijijini, ukiwemo ule wa Machakos uliochapishwa mwaka wa 2001, zimeonyesha kwamba mbwa walio wengi wana wenyewe, ila hawafungiwi. Hupewa makombo jioni, hulinda boma usiku, na mchana huachwa wajitafutie. Mbwa wa namna hiyo hana ukoko wowote. Ana mwenyewe asiyetaka kujitambulisha.

Zipo hoja za upande wa pili, na hazifai kupuuzwa. Mkulima wa kijijini asiye na uwezo wa kujenga ua atauliza amfungie mbwa wake wapi. Mwenye nyumba mjini atasema kwamba polisi wako mbali na mbwa ndiye bawabu pekee anayemmudu. Wengine wataongeza kwamba mbwa anayefungwa mnyororo kutwa nzima huteseka na huzidi kuwa mkali, na katika hilo watakuwa wamesema kweli. Sheria ya kuzuia ukatili dhidi ya wanyama, Sura ya 360, haimruhusu mtu kumtesa mnyama kwa kisingizio cha kumdhibiti.

Lakini hoja hizo zinahusu namna ya kuwajibika, haziondoi wajibu wenyewe. Asiye na ua anaweza kujenga kibanda cha mbao, akamfungia mbwa mchana na kumfungulia ndani ya boma watu wanapolala. Anaweza kumpeleka kuchanjwa maafisa wa mifugo wanapozuru kijiji. Anaweza pia kujiuliza kama kweli anahitaji mbwa watano ilhali hawezi kumlisha mmoja. Ulinzi wa mali yangu hauwezi kuwa hatari kwa mwana wa jirani.

Wakazi wa mitaa ya kifahari nao wana kasoro yao. Humtembeza mbwa mkubwa bila kamba, na mpita njia anaposhtuka na kurudi nyuma, huambiwa kwa tabasamu, "Usiogope, haumi." Kauli hiyo humpa amani mwenye mbwa, wala haimsaidii anayekimbiliwa. Mpita njia hana njia ya kujua historia ya mbwa huyo. Huenda aliwahi kuumwa utotoni. Huenda ni mzee ambaye akianguka atavunjika nyonga.

Isitoshe, katika miji ya Pwani kama vile Mombasa na Lamu, Waislamu wengi hufuata mafunzo yanayohesabu mate ya mbwa kuwa najisi ambayo huondolewa kwa kuosha mara saba. Mbwa anayemlamba mtu aliye njiani kwenda msikitini hakumuuma, lakini amemrudisha nyumbani. Kamba ya mita mbili ingeepusha yote hayo.

Kuna pia wale wanaodhani dawa ni kuwaua mbwa wote wanaoonekana barabarani, kwa risasi au kwa nyama yenye sumu. WHO imeeleza mara kwa mara kwamba njia hiyo haimalizi kichaa cha mbwa. Wanaouawa hujumuisha mbwa waliokwisha kuchanjwa, na nafasi zao huchukuliwa upesi na wengine ambao hawajachanjwa. Hatimaye kaunti hubaki na mbwa walewale kwa idadi, ila kinga imepungua. Tena sumu haichagui. Inaweza kuokotwa na mtoto au mfugo.

Mfano wa kuigwa hauko mbali. Kisiwani Pemba, kampeni za kuchanja mbwa zilianza mwaka wa 2010, na kufikia 2014 kichaa cha mbwa kilikuwa kimetoweka. Mwaka wa 2016 kilirejea kutoka Tanzania bara, na kikatokomezwa tena mwaka wa 2018 baada ya uchanjaji wa kisiwa kizima kurejeshwa. Pemba imetufunza mambo mawili: kwamba inawezekana, na kwamba anayelegea hurudishwa alikoanzia.

Kinachohitajika nchini basi si mageuzi makubwa ya sheria. Kaunti zifungue madaftari ya mbwa na kutoza ada ndogo ya leseni ambayo mwananchi wa kawaida anaweza kuilipa, kisha leseni hiyo itolewe pamoja na chanjo. Machifu walitangaze jambo hili barazani. Polisi wanapopokea ripoti ya mtu aliyeumwa, wamtafute mwenye mbwa badala ya kumwambia majeruhi aende nyumbani kwa sababu ni "mambo ya mbwa tu". Nayo mahakama imfidie aliyeumwa nauli, dawa na siku za kazi alizopoteza.

Kwa upande wao, wenye mbwa wasingoje kulazimishwa. Ni rahisi kusema kwamba ajali haina kinga, lakini ajali hii inayo: ni chanjo, ni kamba, ni lango linalofungwa. Mbwa hasomi sheria wala hatambui mpaka wa kiwanja. Aliyemleta mtaani ndiye anayejua hayo, na ndiye anayepaswa kujibu.